Vidonge vya Futari

"Sitasaini," alisema Bweni Sittina. Akaisukuma kalamu kwa kidole kimoja mpaka ukingoni mwa meza, nayo ikadondoka.

Hakuna aliyeinama kuiokota. Kamishna aliitazama kalamu yake pale sakafuni, akamtazama mjane, kisha akamgeukia Inspekta Soilihi kana kwamba yeye ndiye aliyemfundisha mama huyu kiburi.

"Mwambie kwa lugha yenu. Labda Kimalagasi changu hakimwingii."

"Kinamwingia, Mkuu. Amezaliwa hapa Mahajanga, Kimalagasi anakijua kunishinda mimi. Hataki tu."

"Sitaki tu," alisema Sittina, kwa Kimalagasi kilichonyooka.

Alikuwa amejifunga shiromani, ile shuka ya wanawake wa Kikomoro, mpaka kwenye nyusi. Mumewe, Attoumane muuza vitambaa wa mtaa wa Mahabibo, alikuwa hajatimiza hata arobaini kaburini, na mkewe alikuwa ametolewa edani na askari wawili, mchana, majirani wakiangalia. Soilihi aliliona jambo hilo kuwa aibu, na hakujisumbua kuuficha uso wake. Baba yake alikuwa Mkomoro na mama yake Msakalava, na pande zote mbili mjane hufuatwa nyumbani kwake, kwa hodi.

Mlalamikaji alikuwa amekaa karibu na dirisha: Ibouroi, mdogo wa marehemu, mkazi wa kisiwa cha Nosy Be kwa miaka sasa. Kanzu safi, kofia ya kushonwa kwa mkono, sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa.

"Muuaji harithi, Mkuu," alisema. "Kwetu sisi Waislamu ndivyo sheria ilivyo. Kaka hakuacha mtoto. Kuna mke, kuna mimi, kuna nyumba. Mwenyewe pima."

"Nimepima," alisema Kamishna, akavuta karibu bilauri iliyokuwa mezani.

Ndani ya bilauri mlikuwa na maji ya ndimu, na chini kabisa kidonge kimoja chekundu. Kilikuwa humo tangu jana jioni. Hakikuchujuka, hakikulainika, kilikaa kama kokoto.

Marehemu alikuwa na pumu ya miaka mingi, na kwa miaka hiyo yote daktari alimweka kwenye vidonge vya kortizoni, vyeupe, kila siku bila kukosa. Mwaka huo wa 1984 vyeupe vilipotea madukani, kama vilivyopotea mafuta na sabuni. Kabla ya Ramadhani Ibouroi akamletea vyekundu kutoka Nosy Be. Dawa ni ile ile, wakaambiwa, rangi tu. Mwezi haukufika mwisho. Alfajiri moja baada ya daku Attoumane alitapika, akaishiwa nguvu, akafa kabla teksi haijapatikana. Na ndani ya beseni, katikati ya wali, vidonge vitatu vyekundu vilikuwa vizima.

"Tumbo lina uchachu," alisema Kamishna, akiinua bilauri. "Ndimu ina uchachu. Dawa ya kweli ingeyeyuka. Hii ni peremende iliyopakwa rangi. Mama huyu alificha dawa halisi, akamlisha mumewe bandia karibu mwezi mzima."

Soilihi alikiri moyoni kwamba kwa mtu aliyekuwa na haraka ya kufunga jalada, Kamishna alikuwa amefikiri vizuri. Hilo ndilo lililomtia hofu. Hoja mbovu ungeipangua kwa maneno. Hii ilikuwa na bilauri.

"Bweni," alisema Soilihi, kwa heshima ya Kikomoro kwa mama wa watu, akavuta kiti. "Nani alivitoa vidonge kwenye beseni?"

"Mimi."

"Kwa nini hukuvimwaga?"

"Kwa sababu nilishangaa. Nikavisuza, nikavitia kikombeni, nikavionyesha kila aliyekuja msibani. Mwizi huonyesha alichoiba?"

"Alivimeza lini?"

"Wakati ule ule siku zote. Tende moja, uji, vidonge, halafu mihogo ya nazi na sambusa. Kwa futari."

"Kwa nini kwa futari?"

Sittina alimwelekezea Ibouroi kidevu. "Muulize huyo. Alisimama mlangoni kwetu na boksi mkononi, akasema: mwenye duka la dawa kasema à jeun. Mume wangu alikuwa na shule kidogo ya Wafaransa. Akasema, jeûne si ni funga? Basi hii ni dawa ya funga. Na aliyefunga hamezi kitu mpaka adhana ya magharibi. Kwa hiyo, futari. Na vile vyeupe alikuwa akivimeza kwa chakula tangu nimjue."

"Mimi nilirudia neno nililopewa," alisema Ibouroi. "Kifaransa si lugha ya mama yangu."

"Mgonjwa wa pumu alikuwa akifunga?" aliuliza Kamishna.

"Daktari alimkataza, imamu akamruhusu kula," alisema Sittina. "Aliwakatalia wote wawili. Attoumane alikuwa hivyo."

"Na kula alikuwa akila!" Ibouroi alicheka kidogo, kicheko cha msibani. "Futari, chakula cha usiku, daku, mkono haupumziki. Kaka yangu Ramadhani ni mchana tupu, usiku pomoni."

Maneno hayo yalimpendeza Kamishna. Aliyarudia polepole, akatabasamu.

Sittina hakutabasamu. "Kifua kilipozidi kumbana, nilikwenda posta nikampigia huyu simu. Nikamwambia, shemeji, anameza kila futari na hapati nafuu, kaulize. Kesho yake akapiga kwa jirani. Akasema ameuliza, wamesema endeleeni vivyo hivyo."

"Uongo," alisema Ibouroi. "Sikupigiwa, sikupiga. Nilinunua dawa mara moja, nikaleta, basi."

Neno lake dhidi ya lake. Jirani mwenye simu alikumbuka kwamba Sittina aliitwa kupokea simu, lakini si nani aliyepiga wala alisema nini. Kamishna akafunga jalada na kuweka kiganja juu yake.

"Jumatatu linakwenda kwa mwendesha mashtaka, akisaini asisaini."

"Niende kwanza Nosy Be, Mkuu. Kwa aliyeviuza."

"Sikutumi."

"Basi sijatumwa. Nina likizo ambayo sijaichukua tangu mwaka juzi."

"Soilihi." Kamishna alishusha sauti. "Usiniletee mambo ya kabila lako."

Soilihi alichukua kikombe cha vidonge viwili vilivyobaki, akakivingirisha kwenye leso.

"Nakuletea ya kituo chako, Mkuu," alisema. "Watu wakija kusema tulimfunga mama wa watu kwa bilauri ya ndimu, watasimama mlangoni kwako, si kwangu."

Alitoka bila kungoja jibu, na akapanda teksi ya uwanja wa ndege wa Amborovy kabla ndege ya kaskazini haijamwacha.

*

Duka la dawa la Bahia lilikuwa kwenye mteremko wa kuelekea bandari ya Hell-Ville, mji mkuu wa Nosy Be. Bahia mwenyewe alikuwa mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kamba, wa ukoo wa Waislamu wa pwani waliofanya biashara kisiwani hapo kabla Hell-Ville haijapewa jina hilo. Alisomea dawa Ufaransa, akarudi na hasira zake zote. Alimsikiliza Soilihi mpaka mwisho. Alipofika kwenye maji ya ndimu, akavua miwani.

"Nani kawaambia dawa hujaribiwa kwa achari?"

"Kamishna."

"Huyo hata mchuzi asiachiwe auonje." Akakitwaa kidonge kimoja, akakiangalia kwenye mwanga. "Hiki ni changu. Nimekiuza mimi. Si peremende."

"Mbona hakiyeyuki?"

"Kwa sababu kimetengenezwa kisiyeyuke!" Alitia maji kwenye gilasi, akachota bikaboneti, magadi ya kuua uchachu, kijiko kizima, akakoroga, akadondosha kidonge. "Subiri. Kaa hapo. Tumbo ni chachu, sivyo? Utumbo, huko chini, si mchachu. Vidonge hivi vimevishwa ganda. Ganda haliogopi uchachu, kwa hiyo tumboni kidonge kinapita kimefunika uso. Kikifika utumboni ndipo kinajifunua na dawa inaingia mwilini. Wanafanya hivyo ili dawa isilichome tumbo."

"Kwa hiyo Kamishna alikitia kidonge mahali ambapo hakitakiwi kuyeyuka, akakihukumu kwa kutoyeyuka."

"Sema hivyo hivyo mahakamani."

Soilihi aliandika. Kalamu yake ilisimama. "Lakini marehemu alivitapika alfajiri. Alivimeza magharibi. Usiku kucha vilikuwa vinafanya nini humo?"

"Vinasubiri." Bahia alikunja ngumi, akaiweka juu ya meza. "Tumbo lina mlango kwa chini. Chakula kikisagika kikawa uji, mlango unakipitisha kidogo kidogo. Kitu kigumu kinazuiliwa mpaka tumbo limalize kazi, litulie. Sasa mtu wa Ramadhani, tumbo lake usiku linatulia saa ngapi? Futari haijashuka, kinakuja chakula cha usiku. Hicho hakijashuka, daku hiyo hapo. Kidonge kimekwama mlangoni kama mgeni ambaye kila akiaga analetewa sahani nyingine."

"Na kikija kupita?"

"Kinapita kimechelewa. Siku nyingine dawa inaingia mchana, siku nyingine inaingia nusu, siku nyingine kinatoka upande wa pili kizima kama ulivyokinunua. Mwili hauwezi kuishi kwa bahati nasibu. Mtu akila kortizoni miaka mingi, mwili wake unaacha kutengeneza ya kwake. Ukimkatia, kifua kinambana, nguvu zinamwisha, anatapika, anaanguka."

"Mkewe hakumkatia."

"Hapana. Ganda ndilo lililomkatia."

"Na vile vyeupe alivyokuwa akimeza na chakula?"

"Vyeupe havina ganda. Vile akimeza na chakula, afadhali. Chakula kinavichelewesha kidogo tu, dawa yote inaingia. Marehemu hakukosea kwa vyeupe. Alikosea kuvila vyekundu kama vyeupe, na hakuwa na wa kumwambia." Alisita. "Alikuwa naye, lakini."

Soilihi aliinua macho.

"Mimi nilimwambia huyo bwana siku ya kwanza: à jeun, yaani tumbo likiwa tupu," alisema Bahia. "Kosa langu hilo, nililitupa neno nikamgeukia mteja mwingine. Lakini aliporudi nilimweleza kirefu."

"Aliporudi?"

"Katikati ya mfungo. Alisimama hapo ulipokaa. Akaniuliza, je, mgonjwa akimeza kwa futari? Nikamwambia, ni kama hakumeza. Nikamwambia bora asifunge kabisa. Kama ni mkaidi, ale futari alale, aamke mapema tumbo limetulia, ameze kwa maji matupu, akae kitambo, ndipo ale daku. Na asipopata nafuu akimbizwe kwa daktari akapigwe sindano. Nilisema kwa Kifaransa, nikasema kwa Kimalagasi, nikaona haitoshi, nikajishika tumbo hivi: tupu! Akacheka. Akasema, 'Ndiyo taabu ya kaka yangu, mama. Mchana tupu, usiku pomoni.'"

Soilihi aliweka kalamu chini. Alihisi joto likimpanda shingoni, na halikuwa la Nosy Be. Mtu huyu alielewa. Alielewa vizuri kiasi cha kulifanyia utani, akaenda kwenye simu, akasema endeleeni vivyo hivyo.

Kwenye gilasi, maji yalikuwa yamegeuka mekundu. Ganda lilikuwa limepasuka na ndani yake unga mweupe ukimwagika taratibu.

"Niandikie haya, Bi Bahia, utie sahihi."

"Niandike, huyo mkuu wako wa achari aseme umenilisha maneno?" Bahia alikuwa tayari anatafuta mkoba wake chini ya meza. "Naja mwenyewe. Nimeuza dawa yangu kwa mtu apone, si kwa mtu arithi."

*

Jumatatu Kamishna alikuta chumba chake kimejaa. Sittina kwenye kiti kile kile. Ibouroi dirishani, safari hii na mkoba wa ngozi magotini, kama mtu aliyekwisha kuulizia ndege ya jioni. Soilihi amesimama. Mezani bilauri mbili: moja ya ndimu na kidonge chake kilichokaidi, nyingine ya bikaboneti, ambamo kidonge cha mwisho kilikuwa kimeanza kutoa rangi.

"Likizo imekwisha mapema," alisema Kamishna.

"Ilikuwa tamu, Mkuu. Tazama bilauri."

Alieleza kwa maneno machache: tumbo, utumbo, ganda, mlango. Kamishna aliangalia bilauri ya kwanza, akaangalia ya pili, akaikoroga kwa kijiko mwenyewe. Alikuwa mkaidi lakini hakuwa mjinga. Wekundu ulipotawanyika akakiweka kijiko chini.

"Sawa. Dawa ni ya kweli. Basi ni ajali. Neno la Kifaransa limeeleweka vibaya, mtu amekufa, Mungu amrehemu. Nafunga jalada."

"Alhamdulillahi," alisema Ibouroi, akainuka. Ahueni ilimjaa usoni waziwazi. "Mimi nilijawa na uchungu tu, Mkuu. Mtu akifiwa huona adui kila mahali. Nimemsamehe shemeji."

"Kaa," alisema Soilihi.

"Inspekta," alianza Kamishna.

"Hatukai tena kwa ajili ya vidonge, Mkuu. Tunakaa kwa ajili ya simu." Akaufungua mlango, na Bahia akaingia na mkoba wake, akatafuta kiti, hakukiona, akasimama.

Ibouroi alirudi kukaa polepole. "Simjui mama huyu. Nilinunua kwake mara moja tu, kabla ya Ramadhani."

"Hunijui?" Bahia alimkodolea macho. "Mara ya pili hukuja ukaniuliza habari za futari? Sikukwambia ni kama hakumeza? Sikujishika tumbo langu mbele ya wateja nikakuonyesha tupu ni nini, nawe ukanichekea: kaka yangu mchana tupu, usiku pomoni?"

"Huo ulikuwa utani tu, mama!"

Lilimtoka kabla hajalipima. Nje, mvuta puspus, yule wa rikisho la mkono, alikuwa akigombana na abiria wake, na kila neno lilisikika.

Kamishna aliegemea kiti chake. Aliyakumbuka maneno yale, alikuwa ameyapenda. "Ulimtania lini?" aliuliza.

"Nilipo... siku ile ya kununua."

"Siku ya kununua mfungo haukuwa umeanza. Kaka yako alikuwa bado anakula mchana. Ulimtania mama huyu juu ya nini?"

Ibouroi alifungua mkoba, akaufunga. "Nilisahau," alisema hatimaye. "Alinieleza, nikasahau. Mtu husahau."

"Hukusahau," alisema Sittina. Hakupandisha sauti. "Ulipiga simu. Kusahau ni kunyamaza. Wewe ulisema: endeleeni vivyo hivyo."

"Nilimwambia auze!" Ibouroi aliruka, na kanzu ikanasa kwenye kiti. Sasa alikuwa akisema Kikomoro, na Kamishna akabaki kumtazama Soilihi amfasirie. "Mwaka ule watu wetu Wakomoro walipouawa hapa, waliobaki wakapakiwa meli na ndege, nilimwambia, kaka, uza nyumba tuondoke. Akakataa. Kila mwaka nikimwambia anakataa. Nyumba ya baba yangu pia ile! Nimezeeka kwenye chumba cha kupanga Hell-Ville, yeye anakaa barazani anakataa!"

Soilihi alifasiri neno kwa neno, hakuongeza, hakupunguza. Hasira yake ilikuwa imetulia. Alichobaki nacho ni huzuni, na haikuwa yote kwa ajili ya marehemu.

"Ni kweli alikukatalia," alisema Sittina. "Na daktari alimkatalia, na imamu alimkatalia. Mwaka ule wenye mapanga walisimama mlangoni, nao akawakatalia. Kitu kimoja tu hakukikataa. Vidonge vyako. Usiku mmoja nilimwambia viache, havikufai. Akanigombeza. Akasema, kaleta Ibouroi."

Ibouroi alifunika uso kwa kofia yake.

Kamishna alichana ile karatasi ya kukiri ambayo Sittina aliikataa, akavuta nyingine nyeupe. Akatafuta kalamu, akapapasa mezani, mfukoni, kwenye mtoto wa meza. Kisha akainama, mtu mzima yule na tumbo lake, akaiokota chini ya kabati ilikokuwa tangu siku ile. Akaifuta kwenye suruali, akampa mjane kwa mikono miwili.

"Malalamiko ni yako sasa, mama. Ukitaka."

Soilihi aliandika, akamsomea. Sittina alisikiliza mpaka nukta ya mwisho, akaichukua karatasi, akasahihisha jina la mumewe lililokosewa herufi, akasaini. Alipoinuka alipita mbele ya Ibouroi, akasimama.

"Muuaji harithi, shemeji," alisema. "Umenikumbusha mwenyewe."

Kisha akalivuta shiromani mpaka kwenye nyusi na kuwageukia wale askari wawili waliomleta.

"Nirudisheni nyumbani kwangu. Eda yangu haijaisha. Na safari hii mkifika, bisheni hodi."